Wavuvi wa dagaa hawakupakwa majivu: tusiwaite watoro, tutazame mwezi

Katibu wa Jumuiya (mleta uzi) – Jumapili, 22 Februari 2026

Tumsifu Yesu Kristu.

Ndugu zangu wa Mwanza na wote mnaoishi kandokando ya ziwa, kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumatano ya Majivu, siku ya kuanza Kwaresima, tarehe 18. Naomba tulijadili bila kugombana. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo katika kigango (kanisa dogo chini ya parokia) kimoja cha ziwani upande wa Ilemela. Jina la kigango naliacha, maana nitakayosema yanawagusa watu ninaokaa nao benchi moja.

Jioni ile kanisa lilijaa akina mama, wazee na watoto wa shule. Wanaume wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, walikuwa wa kuhesabika. Jana kwenye jumuiya, baada ya tafakari, kiongozi mmoja akasema tuwaorodheshe wote ambao hawakuja kupakwa majivu, majina yasomwe mbele ya watu ili waone aibu. Akawaita Wakristo wa Pasaka. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Niliandika majina 11, na la tatu lilikuwa la mdogo wangu wa tumbo moja. Nikasimama, nikayasoma yote.

Usiku usingizi haukuja. Kama saa tano nikatoka nje. Kale kamwezi kachanga kalikuwa kameshazama, giza limeshika, na ziwani taa zimetapakaa mpaka usawa wa visiwa, ungedhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Nikasimama pale kwenye upepo nikijua kwamba majina yangu 11 karibu yote yako kwenye zile taa.

Nieleze kwa ambao hawajakaa mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazingira. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru yake inalifunika ziwa zima, taa ya mvuvi inakosa nguvu na dagaa hawakusanyiki. Ndiyo maana kila mwezi mitumbwi ya dagaa inavutwa nchi kavu kwa wiki moja hivi, pengine siku 10. Watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanarudi kwa familia zao. Mbalamwezi ikipungua wanaingia tena. Aliyelikosa giza hana pa kufidia mpaka giza linalofuata, na huku nyuma kuna karo, kuna kodi, kuna deni la mafuta.

Sasa chukueni kalenda ya Kanisa. Pasaka ni Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Juma Kuu kila mwaka liko kwenye mbalamwezi au jirani kabisa nayo. Hesabu kurudi nyuma siku 46 hadi Jumatano ya Majivu, unatua kwenye giza. Mwaka 2024 giza kamili lilikuwa tarehe 9 Februari, majivu tarehe 14. Mwaka 2025 giza lilikuwa tarehe 28 Februari, majivu tarehe 5 Machi. Mwaka huu giza tarehe 17 Februari, majivu kesho yake. Kila mwaka siku ambayo kengele ya kigango inawaita watu wakapakwe majivu, inawakuta wavuvi wa dagaa katika siku zao nzito kuliko zote.

Halafu Ijumaa Kuu wanaume walewale wanajaza kanisa mpaka wengine wanasimama madirishani, na sisi tunanong'onezana kwamba wamekuja kwa ajili ya sikukuu. Jamani, wamekuja kwa sababu wako nyumbani.

Hakuna aliyepanga iwe hivi ili kuwaonea wavuvi. Pasaka yetu imefungamana na Pasaka ya Wayahudi, nayo inafuata mwezi, na dagaa nao wanaufuata mwezi huohuo. Ninachouliza ni kwa nini sisi tunaopanga ratiba za vigango vya ziwani hatuinui macho juu kabla ya kuandika. Mwaka huu mwezi utakuwa mpevu tarehe 3 Machi, yaani wiki ya pili ya Kwaresima. Wiki hiyo wanaume wote watakuwa nchi kavu. Sisi tumeweka nini wiki hiyo? Kikao cha kamati ya ujenzi. Kitubio cha kigango, yaani maungamo, tumekiweka tarehe 19 Machi, na usiku huo ni giza tupu.

Wa Igombe, Kayenze, Luchelele, Kirumba, na nyie wa visiwani, huko kwenu mnafanyaje?

Mama wa Vichanja

Milele amina, kaka yangu katibu.

Umesema kweli, ila umeisema nusu. Umewatazama wanaume peke yao. Giza likishika hata sisi wanawake wa mwaloni hatuna asubuhi. Mitumbwi inarudi alfajiri, unanunua kwa ndoo, na kuanzia hapo unashindana na jua. Dagaa wakichelewa kuanikwa wanaharibika, wanakatikakatika, mteja wa Kirumba Mwaloni akishika kiganjani tu ameshajua. Na Kwaresima yetu inaangukia mwanzo wa masika. Wingu likija unakimbia kukusanya, likipita unatandaza upya. Siku nyingine mara tatu.

Jumatano ile mimi nilikuja kanisani. Nilimwachia binti yangu vichanja vya kuanikia, mvua ikashuka wakati tunapanga foleni ya majivu, na yule mtoto peke yake hakuweza. Gunia zima likageuka chakula cha kuku. Silalamiki kwa Mungu, nililipeleka mbele ya msalaba kama sadaka yangu ya siku hiyo. Lakini nilipokaa kwenye jumuiya Jumamosi nikasikia majina yanasomwa, na mawili kati ya hayo ni ya wanawake wenzangu walioamua kubaki na dagaa wao, niliumia. Walibaki wakaokoa gunia ambalo mimi nililipoteza. Mmoja wao ni mjane, gunia hilo ndilo tajiri wake na ndilo baba wa wanawe.

Ndiyo, kaka, nilikuwepo. Nimekutambua kwa maneno yako. Swali langu moja: mdogo wako umeshamwambia kwamba kalamu ilikuwa yako, au umetuambia sisi kwanza?

Katibu wa Jumuiya

Dada, sijamwambia. Yuko kambi ya wavuvi. Nimelisoma swali lako mara nyingi, na nitakwenda.

Mkatekista wa Zamani

Tumsifu Yesu Kristu, wanangu.

Nimefundisha katekesi katika vigango vya ziwani kwa miaka mingi, miguu sasa imechoka lakini macho bado yanasoma. Niweke sawa mambo matatu kabla hamjaendelea kuhukumiana.

La kwanza. Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri. Aliyekosa Misa siku hiyo hajatenda dhambi kwa kukosa Misa. Kinachotudai siku hiyo, kama Ijumaa Kuu, ni kufunga na kuacha nyama. Kufunga kunamhusu mwenye umri wa miaka 18 hadi atimize 59: mlo mmoja kamili, na kidogo tu mara mbili nyingine. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo, wala mjamzito, wala anayenyonyesha. Na tangu zamani Kanisa limewahurumia wenye kazi za kuvunja mgongo. Anayevuta wavu usiku kucha kwenye baridi, kisha mkampigia hesabu za vijiko vya ugali, mnamtwisha mzigo ambao Mama Kanisa hakumtwisha.

La pili. Majivu yanabarikiwa na padre au shemasi, lakini kuyapaka anaweza kusaidia hata mlei, yaani muumini wa kawaida, aliyepewa kazi hiyo. Kwa hiyo hakuna kinachozuia majivu yaliyobarikiwa parokiani asubuhi yakafika mwaloni mchana na katekista, likasomwa Neno, watu wakapakwa. Lakini yafanyike Jumatano ileile. Najua mtu anaweza kufikiria kuwapaka wavuvi wiki mbili baadaye kwa sababu ndipo wako nyumbani. Hapana. Majivu yana siku yake. Kinachoweza kusogea ni kitubio, mafungo, Njia ya Msalaba, matendo ya huruma. Hivyo visogezeni mnavyotaka kwa kukubaliana na paroko.

La tatu, na hili naona halisemwi. Imani ilitufikia huku kwa maji. Wamisionari wa Afrika (Mapadre Weupe) walifika Kageye, kwenye mwambao wetu huuhuu, mwishoni mwa mwaka 1878, na Februari 1879 wawili wao walikuwa wameshafika Buganda kwa mtumbwi. Mwaka 1883 wakajenga Bukumbi. Wapiga makasia wa ziwa hili ndio waliowavusha. Tungewasomea majina nao?

Kuhusu kusoma majina. Mwanangu katibu, somo la Jumatano ya Majivu katika Injili ya Matayo linatuambia tusali, tufunge na kutoa sadaka pasipo kuonekana na watu. Sasa mtu aliyefunga sirini tunamwanikaje hadharani? Tafakari hilo.

Mkazi wa Nyegezi

Wakuu, mimi nitakuwa upande mwingine kidogo, mniwie radhi.

Kila mtu ana kazi. Dereva wa daladala anakosa Misa za jioni. Muuguzi wa Bugando yuko zamu Ijumaa Kuu. Mlinzi analinda usiku wa Mkesha wa Pasaka wakati sisi tunawasha mishumaa. Tukianza kupanga ratiba ya kigango kwa mwezi wa wavuvi, kesho bodaboda nao watataka ya kwao. Kwaresima ni siku 40 za kujinyima, na kujinyima maana yake ni kuacha kitu chenye faida. Labda usiku mmoja wa giza ndiyo sadaka yenyewe inayotakiwa.

Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, kuna jambo kubwa kuliko hili. Ijumaa za Kwaresima hapa Mwanza watu hawali nyama, sawa. Wanakula nini? Sato wa kukaanga sahani nzima, kachumbari na ndimu. Hiyo ndiyo toba? Mbona hilo hatulizungumzi?

Katibu wa Jumuiya

Mkazi wa Nyegezi, asante kwa kusema wazi. La sato umenigusa, acha nianzie hapo.

Sheria ya kuacha nyama siku ya Ijumaa haikutungwa ikimtazama mtu wa Mwanza. Kwa walio mbali na maji, kuacha nyama ni kushuka: mezani panabaki mboga, maharage, pengine kipande cha samaki mkavu. Kwetu samaki ndiye chakula cha heshima. Mgeni akija anachemshiwa sato, si nyama ya ng'ombe. Sahani ya sato mzuri pale hotelini mara nyingi inaizidi bei sahani ya nyama. Kwa hiyo mtu anaweza kuishika sheria barabara na asipoteze chochote, akaondoka mezani ameshiba na kufurahi kuliko Alhamisi. Sisemi ametenda dhambi. Nasema njaa haijamfikia, na kama njaa haijamfikia yeye, hata ile pesa ya kumfikia mwenye njaa haijapatikana.

Kwetu nyumbani tumefanya hivi tangu miaka mitatu iliyopita. Ijumaa tunakula michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ya rangi, au ugali na mlenda. Ile pesa ambayo ingenunua samaki inaingia kwenye bahasha ya sadaka ya Kwaresima usiku uleule, kabla haijapata kazi nyingine. Watoto ndio wanaoitia. Mwaka wa kwanza mke wangu alisema, tukisubiri mwisho wa mwezi tutaipeleka bahasha tupu, na alikuwa sahihi.

Lakini tazama sasa kwa mvuvi. Yeye anakula dagaa Jumatatu, anakula dagaa Ijumaa. Ukimwambia aache nyama utakuwa umemwambia aache kitu ambacho hakioni. Kwake mfungo uko kwingine, na wao wanakujua kuliko mimi. Kuna pesa ya asubuhi inayoishia kwenye pombe kabla haijafika nyumbani. Kuna mikeka ya kubeti. Padre akikutana nao ana kwa ana kwenye kitubio wakati wa mbalamwezi atayasikia hayo na kuyaponya. Akikaa kwenye kiti cha kitubio tarehe 19 Machi atatukuta sisi wenye dhambi zilezile za mwaka jana.

La ratiba sasa. Hatuombi Kanisa lihame. Muuguzi wa Bugando ana kanisa la hospitali karibu na ana zamu zinazobadilika. Mlinzi anaweza kubadilishana usiku na mwenzake. Giza halibadilishani na mtu. Na katika kigango chetu wavuvi na wake zao ndio wengi. Kigango cha wakulima hakiweki semina siku ya kupanda, na hakuna anayesema wakulima wamependelewa.

Mvuvi wa Giza

Milele amina.

Nimetumiwa uzi huu na shemeji yangu. Naandika mchana, tukiamka. Mimi si katika wale 11, niko mwalo mwingine, lakini kwetu majina yalisomwa mwaka jana na langu lilikuwemo. Niliporudi nyumbani mtoto wangu wa darasa la pili akanipokea mlangoni akaniambia, "Baba, umesomwa kanisani." Alidhani ni jambo zuri. Mama yake alikuwa amegeukia ukutani.

Niwaambie Jumatano ya Majivu mwaka huu ilivyokuwa kwenye mtumbwi wetu. Tuko wanne: Wakatoliki wawili, Msabato mmoja, na Mwislamu mmoja ambaye mfungo wake wa Ramadhani nao ulikuwa unaanza wiki hiyohiyo. Tuliingia ziwani saa kumi na moja jioni. Mimi na Mkatoliki mwenzangu tulikuwa tumekula uji asubuhi na ugali mchana, basi. Usiku wa manane, tukisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa, mwenzangu akasema, leo watu wana msalaba kwenye paji la uso. Tukanyamaza. Kisha akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akanichora msalaba usoni, nami nikamchora yeye. Hatukujua tuseme maneno gani, tukasali Baba Yetu. Yule Mwislamu alituacha tumalize ndipo akavuta kamba.

Usiku uliofuata yeye ndiye aliyekula daku mtumbwini. Tulimwekea viazi na chai kwenye chupa, na saa yake ilipokaribia tukashika kazi yake ili ale bila kuharakishwa. Mkazi wa Nyegezi, kaka yangu, usiku mmoja wa giza si wangu peke yangu kuutoa. Nikibaki nyumbani mtumbwi hauingii, na hawa watatu nao wamelala njaa kwa sadaka yangu.

Kama mnataka kutuletea majivu mwakani, msije jioni. Jioni kila mtu anawahi. Njooni saa tisa, tisa na nusu mchana, wakati tunachaji betri na kukagua nyavu. Dakika 20 zinatosha. Nasi tutavua kofia.

Petro naye alikesha usiku kucha bila kupata kitu, na Bwana alimfuata palepale kwenye mtumbwi wake. Hilo ndilo huwa nalikumbuka.

Jirani Mwislamu wa Kirumba

Asalaam aleikum na tumsifu, ndugu zetu.

Nimeingia kwa sababu nimeona Ramadhani imetajwa. Kinachoelezwa hapa kwetu tunakiishi kila mwaka. Mwezi unapoandama sisi tunaanza kufunga, na ndipo vijana wetu wa dagaa wako kwenye giza. Tarawehe za siku za mwanzo unakuta msikiti wa mwaloni una safu mbili, katikati ya mwezi safu zinafika mlangoni. Imamu wetu hajawahi kuwasema. Siku za mwanzo futari inapikwa mapema inafungwa kwenye vyombo, wanaondoka nayo.

Mwaka huu tumefunga pamoja na ninyi karibu siku kwa siku. Soko la viazi na mihogo linatuona sote. Allah atutakabalie.

Mwanafunzi wa Malimbe

Sisi huku chuoni Njia ya Msalaba hufanywa Ijumaa jioni na wengi tunatoka mikoa ya bara, hata sikujua kwamba taa zile zinapotea mwezi ukiwa mkubwa. Nilidhani wavuvi wamehama. Jana usiku nilipanda juu ya mawe nikazitazama kwa mara ya kwanza nikijua ni watu.

Kikundi chetu mwaka huu kilikuwa kinapanga kwenda gereza la Butimba au kwenye makazi ya wazee ya Bukumbi. Mleta uzi, kama kigango chenu kitakusanya kitu, tunaweza kusaidia kubeba.

Wa Ukerewe

Tumsifu. Sisi ni mkoa wa Mwanza ila kikanisa tuko Jimbo la Bunda tangu lilipoanzishwa mwaka 2010, na askofu wake wa kwanza ndiye huyuhuyu Askofu Mkuu Nkwande mliye naye sasa. Huyo visiwa anavijua.

Kwetu kuna kigango ambacho mafungo ya Kwaresima yanatangazwa hivi: "mbalamwezi ya kwanza". Hawasemi tarehe. Kila mtu anajua. Hakuna aliyewahi kupotea.

Katibu wa Jumuiya – Jumatano, 4 Machi

Nimerudi. Nina ya kusimulia, mnivumilie.

Alhamisi ya wiki jana nilikwenda kambini alfajiri. Mdogo wangu alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni anasaidia kuvuta mtumbwi. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kumwambia, nimeyapanga njia nzima. Aliponiona akasema tu, "Kaka, shika hapo." Nikavua viatu nikashika. Tulipomaliza nikamwambia: mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyesoma. Akasema anajua, sauti yangu inafika mbali. Akanipa ndoo ya dagaa nimpelekee mama. Hakusema amenisamehe na sikumdai aseme, lakini jana jioni alikuja kula nyumbani kwangu, na hilo lilikuwa halijatokea tangu Krismasi.

Jumamosi kwenye jumuiya niliomba nafasi. Nikayasoma tena majina yote 11, safari hii nikiomba radhi kwa kila moja. Yule kiongozi alikuwa amekaa mbele yangu. Nilitegemea ahamaki. Akainuka akasema mume wa binti yake yumo kwenye orodha na wala hakuwahi kufikiri alikuwa wapi usiku ule. Akaomba orodha, akaichana.

Tulimwona paroko tukiwa wanne: mwenyekiti wa kigango, mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), kijana wa VIWAWA (umoja wa vijana Wakatoliki) na mimi. Tulikuwa na kalenda tuliyoichora miezi kwa kalamu ya risasi. Aliitazama muda mrefu. Aliuliza swali moja tu, kama akina mama nao wameulizwa saa. Mama wa Vichanja, hapo nilikukumbuka.

Yaliyokubaliwa ni haya. Kitubio kimesogezwa kutoka tarehe 19 Machi hadi kesho Alhamisi tarehe 5, naye atakuja na padre mwingine ili foleni isiwachoshe watu. Keshokutwa Ijumaa tarehe 6, Njia ya Msalaba itaanzia mlangoni kwa kigango na kushuka hadi mwaloni, vituo 14, cha mwisho kikiwa penye mitumbwi iliyovutwa. Msalaba unachongwa sasa hivi kwa ubao wa mtumbwi uliochakaa, bado una misumari yake. Kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anaposaidia kubeba, wataushika wavuvi. Kwaya itaimba bila ngoma wala kinanda. Kuna wanakwaya wamenung'unika, wamezoea ngoma za Kisukuma, lakini watazipata Mkesha wa Pasaka.

Na mwakani Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, giza kamili ni tarehe 6. Tumeshaandika: majivu mwaloni, saa tisa na nusu mchana.

Mkazi wa Nyegezi

Katibu, nimesoma yote, na ya Mvuvi wa Giza nimeyarudia. Sikujua kuhusu wale watatu waliobaki kwenye mtumbwi. Hilo limenibadilisha. Ijumaa nyumbani tumekula mlenda, na bahasha imepata kitu. Naweza kuja Ijumaa hii hata kama si wa kigango chenu?

Mama wa Vichanja

Njoo, kaka. Njia ya Msalaba haina mgeni.

Akina mama tumekubaliana kila mmoja alete dagaa wakavu, kadiri ya uwezo wake, vitakusanywa kituo cha mwisho. Ni kwa wazee wa Bukumbi. Hadi leo nimeandika sado 17, vile vindoo vya kupimia. Safi, waliochambuliwa, wasio na mchanga, msilete waliobaki chini ya gunia. Yule mjane niliyemtaja ameleta sado mbili na amekataa niandike jina lake, kwa hiyo kwenye daftari nimeweka alama ya msalaba mdogo. Mwanafunzi wa Malimbe, tutahitaji vijana wanne wa kubeba na usafiri wa Jumamosi asubuhi.

Mwanafunzi wa Malimbe

Wanne tupo, shikamoo mama. Tumepata na gari dogo la kuazima.

Mvuvi wa Giza

Mwalo wetu nao umesikia. Tutakuja na mtumbwi, watu kama 15. Tuanze saa ngapi?

Katibu wa Jumuiya

Saa kumi jioni kamili, ili akina mama wawahi kuanua vichanja kabla ya umande. Shusheni upande wa kushoto wa gati, kulia kuna mawe na maji yamejaa. Mdogo wangu atawasubiri pale na bendera ya zambarau.